Malipo ya kumrudisha mbwa: komini ionyeshe sheria kabla ya kudai franka

Mbwa anapotea kwa sababu ndogo. Mlango wa parcelle umebaki wazi, radi imepiga usiku, au pikipiki imemtisha akakimbia bila kujua njia ya kurudi. Mwenye mbwa anazunguka kartie, anauliza watoto, anauliza akina mama wanaouza kando ya barabara, na mwisho anasikia kwamba mnyama wake alikamatwa na watumishi wa komini. Anafika ofisini akiwa na furaha. Hapo linaanza swali la pili, ambalo mara nyingi ni gumu kuliko la kwanza: ni franka ngapi za kumtoa, na kwa karatasi gani?

Wengine watasema mbwa si jambo la kuandikia gazeti, wakati barabara zimeharibika na mishahara inachelewa. Lakini bei ya kumtoa mbwa ni kipimo kizuri cha utawala. Leo ni mbwa, kesho ni mbuzi, kesho kutwa ni nguruwe au pikipiki ya toleka. Njia ni ile ile: mali inakamatwa, mwenyewe anaitwa, bei inatajwa kwa mdomo, na mtu analipa kwa sababu anaogopa kupoteza kilicho chake. Mahali ambapo raia anaweza kuuliza sababu ya malipo madogo na kujibiwa kwa karatasi, ataweza pia kuuliza sababu ya malipo makubwa.

Msimamo unaofaa ni huu. Komini ina kazi ya kukamata mnyama anayezurura. Inaweza pia kudai malipo kwa kazi hiyo. Lakini haiwezi kudai bei isiyoandikwa popote, kuipokea bila risiti, na kuiongeza kila siku kwa mnyama ambaye mwenyewe hakupewa habari zake. Malipo ya namna hiyo yanapingika, na raia anayeyapinga hafanyi ukaidi. Anafanya kazi ambayo Katiba yenyewe imempa.

Hoja ya komini ina uzito

Ni vema kuanza na haki ya upande wa pili. Mbwa anayezurura si mchezo. Anauma watoto wanaokwenda shule, anaangusha wapanda baiskeli, anatawanya takataka sokoni. Sheria ya nchi haimwachi mwenye mbwa bila mzigo. Kitabu cha tatu cha Code civil ya Kongo, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na ambacho bado kinatumika, kinasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anajibu kwa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe alipotea au alitoroka. Kwa hiyo maneno ya kwamba "mbwa alitoroka mwenyewe" hayamwondolei mtu jukumu mbele ya jirani aliyeumwa.

Kuna pia ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao wengi mjini wanauita la rage. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, karibu 99 waliambukizwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, karibu 40 kwa 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kifo ni karibu hakika. Dawa pekee ni kuwahi: kuosha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha kukimbilia kituo cha afya kupata chanjo.

Ugonjwa huu ndio sababu bora ya komini kuwa na fourrière, yaani zizi la kuwekea wanyama waliokamatwa. Mbwa aliyemuuma mtu anapaswa kuwekwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku alipouma. Akiugua au akifa, daktari anajua la kufanya. Kazi hii inahitaji mtu, chakula, maji na daktari wa wanyama. Hakuna anayeweza kusema kwamba inafanyika bure.

Lakini hoja hii inaleta swali lake lenyewe. Kama malipo yanadaiwa kwa jina la afya ya watu, basi mwenye mbwa ana haki ya kuuliza: mnyama aliangaliwa na daktari gani? Alipewa chanjo? Alikula nini? Kama majibu ni kwamba alifungwa kamba chini ya mwembe nyuma ya ofisi, bila maji, mpaka mwenyewe alipofika na makuta, basi jina la afya limetumika lakini kazi ya afya haikufanyika.

Malipo matatu yanayochanganywa

Ugomvi mwingi mbele ya meza ya komini unazaliwa kwa sababu malipo matatu tofauti yanawekwa ndani ya tarakimu moja. Mwenye mbwa anaambiwa tu: "Lete kiasi hiki." Akijua kuyatenganisha, anajua pia mahali pa kupinga.

La kwanza ni amende, yaani adhabu. Adhabu inaenda na kosa, na kosa linatoka katika sheria. Kifungu cha 17 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinakataza mtu kushtakiwa au kuhukumiwa kwa tendo ambalo sheria haikulihesabu kuwa kosa siku lilipofanyika. Anayedai amende kwa sababu mbwa alizurura anapaswa kutaja andiko linalosema kwamba kuzurura huko ni kosa, na kuonyesha kiasi kilichowekwa. Tena, si kila mtumishi wa komini mwenye uwezo wa kutoza amende. Kazi ya kutambua kosa na kumwambia mtu alipe ili asipelekwe mbele ya sheria ni ya afisa wa polisi ya upelelezi, yule anayejulikana kwa herufi OPJ, na makuta hayo yanaingia hazina ya serikali.

La pili ni takse. Hapa Katiba inasema waziwazi zaidi. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Na kwa upande wa majimbo na komini, ordonnance-loi n° 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 ndiyo iliyopanga orodha ya kodi, ushuru, takse na malipo mengine ambayo jimbo, mji, komini, sekta na chefferie wanaweza kukusanya. Maana ya orodha hiyo ni rahisi kuelewa: malipo yasiyokuwemo hayawezi kuzaliwa katika ofisi ya kartie, hata kama mkuu wa ofisi ana sababu nzuri. Na malipo yaliyomo yanahitaji bei iliyowekwa na mwenye mamlaka, iliyotangazwa, na inayofanana kwa kila mtu.

La tatu ni gharama ya matunzo. Hiyo si adhabu wala takse. Ni kurudisha kile kilichotumika: chakula cha siku hizo, dawa, chanjo, labda usafiri. Gharama ina kanuni moja tu, nayo ni kwamba lazima iwe imetumika kweli. Mbwa ambaye hakulishwa hawezi kuandikiwa bei ya chakula. Mbwa ambaye hakuona daktari hawezi kuandikiwa bei ya daktari.

Mwenye mbwa anayeambiwa alipe tarakimu moja kubwa ana haki ya kuomba igawanywe: amende ni kiasi gani, takse kiasi gani, matunzo kiasi gani, na kila moja imetoka wapi. Ombi hilo peke yake, likitolewa kwa heshima, mara nyingi hupunguza bei. Sababu yake haihitaji maelezo marefu.

Karatasi kabla ya makuta

Malipo halali katika nchi hii yana safari yake. Kuna anayeandika kwamba malipo yanadaiwa na kwa sababu gani. Kuna anayetia saini kuamuru yalipwe. Kuna anayepokea. Watu hao hawapaswi kuwa mtu mmoja, kwa sababu anayejihesabia deni, akajiamuru na akajipokelea, hana wa kumsimamisha. Raia anapewa karatasi ya kudai, ile wengi wanayoijua kwa jina la note de perception, na baada ya kulipa anapewa risiti yenye namba. Kiasi kilicho kwenye karatasi ya kwanza lazima kifanane na kilicho kwenye ya pili.

Anayedai bila karatasi hizo hajasahau tu utaratibu. Code pénal ya Kongo ina jina kwa tendo la mtumishi wa serikali anayedai au kupokea takse anayojua kwamba haidaiwi, au inayozidi ile inayodaiwa. Tendo hilo ni concussion, linalotajwa katika kifungu cha 146, na adhabu yake ni kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano pamoja na amende. Wakaaji wengi hawalijui neno hilo, ingawa wengi wameshakutana na jambo lenyewe.

Haifuati kwamba kila mtumishi wa komini ni mwizi. Wengi wanafanya kazi miezi mingi bila mshahara, na wakubwa wao wanawapa viwango vya makusanyo bila kuwapa hata kalamu. Lakini kutokulipwa kwa mtumishi ni deni la serikali. Deni hilo halihamii kwa mama wa Mangobo aliyefika kumtafuta mbwa anayemlindia mlango usiku.

Mbwa wa Kisangani si pambo

Katika miji mingine ya dunia mbwa ni mwenzi wa kutembea naye jioni. Kisangani wapo watu wa namna hiyo, lakini kwa familia nyingi mbwa ni mlinzi. Umeme wa mtambo wa Tshopo ukikatika na kartie ikabaki gizani, mbwa ndiye anayesikia hatua za mgeni kabla ya mtu yeyote. Kwa wanaoingia msituni, mbwa ni chombo cha kazi. Wawindaji wa misitu ya kaskazini-mashariki mwa Kongo wana mbwa wao wadogo wasiobweka sana, wanaofungwa njuga ya mti shingoni ili wasikike kichakani. Wazungu waliwachukua, wakawafuga kwao, na leo wanajulikana duniani kwa jina la basenji. Kwa Kiswahili na kwa Lingala, lugha mbili za mji huu, jina la mnyama ni moja: mbwa.

Kwa hiyo bei ya kumtoa haiwezi kupimwa kama bei ya starehe. Familia inayomtegemea mbwa na isiyoweza kulipa inabaki na njia mbaya mbili. Ya kwanza ni kumwacha. Ya pili ni kukopa ili kumlipia, kisha kumfungia ndani asionekane tena na mtu wa komini, hata siku ya chanjo.

Mji wenyewe unaongeza mzigo. Kisangani ina komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Mbwa hajui mipaka yao. Anaweza kutoka Kabondo akakamatwa Makiso. Mwenye mbwa anayekaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, anavuka kwa mtumbwi kwenda kuuliza na anavuka tena kurudi, kila mara akilipa nauli. Akiambiwa "rudi kesho, anayehusika hayupo", siku hiyo ya ziada imemgharimu yeye, na kama bei ya zizi inahesabiwa kwa siku, imemgharimu mara mbili.

Hapo ndipo dhuluma kubwa zaidi inapojificha. Bei ya siku moja inaweza kuonekana ndogo. Lakini komini iliyomkamata mbwa bila kutangaza, bila kubandika habari mlangoni, bila kuwaambia wakuu wa kartie, kisha ikahesabu siku zote ambazo mwenyewe hakufika, inamlipisha mtu kwa ukimya wa komini yenyewe. Siku zianze kuhesabiwa pale habari ilipotangazwa. Kabla ya hapo, kuchelewa si kosa la mwenye mbwa.

Wengine wamefanyaje

Nchi nyingine zimepita katika ugomvi huu na zimeandika majibu. Uingereza, kwa sheria yake ya mazingira ya mwaka 1990, inairuhusu halmashauri kumkamata mbwa anayezurura na kumdai mwenyewe gharama za kumweka pamoja na malipo maalumu, ambayo kanuni za mwaka 1992 ziliyaweka kuwa pauni 25. Mbwa anawekwa siku saba kamili kabla ya halmashauri kuamua kumpa mtu mwingine, kumuuza au kumuua. Na kuna sharti moja ambalo Kisangani ingeweza kuliiga bila kutumia hata franka elfu kumi: halmashauri inalazimika kuwa na daftari la mbwa waliokamatwa, na mtu yeyote ana haki ya kulifungua na kulisoma bure saa za kazi.

Ufaransa, ambayo lugha yake ndiyo ya sheria za Kongo, inaitaka kila komini iwe na fourrière au ishirikiane na komini nyingine yenye fourrière. Mbwa anawekwa siku nane za kazi, na harudishwi mpaka gharama zimelipwa. Kumbe hata huko mwenye mbwa analipa. Tofauti ni kwamba anajua atalipa nini, kwa siku ngapi, na kwa sheria ipi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inafaa kubandikwa mlangoni pa kila zizi la komini. Daftari lenye tarehe, mahali mnyama alipokamatwa, rangi yake, jina la aliyemkamata, siku aliyotoka na namba ya risiti lingemaliza nusu ya malalamiko. Lingemlinda pia mtumishi mwaminifu, ambaye leo anashukiwa pamoja na wale wasio waaminifu.

Bei kubwa inaharibu kinga

Kuna sababu nyingine ya kupinga malipo yasiyo na mpaka, na hii haimhusu mwenye mbwa peke yake. Inahusu mtoto wa jirani. Wataalamu wa afya wanakubaliana kwamba ili kukata mnyororo wa kichaa cha mbwa, inafaa kuchanja angalau mbwa 70 kati ya 100 mahali fulani, na kurudia kila mara. Kuua mbwa hakuleti matokeo hayo. Kisiwa cha Bali huko Indonesia kilipoingiwa na ugonjwa mwaka 2008, viongozi walianza kwa kuua mbwa wengi, na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Ulipungua pale walipoanza kuchanja mbwa kisiwa kizima. Karibu na hapa, katika vijiji vinavyozunguka mbuga ya Serengeti nchini Tanzania, chanjo ya mbwa imeonyesha kwamba njia hiyo inawezekana pia katika vijiji vya Afrika.

Chanjo inahitaji watu walete mbwa wao kwa hiari. Mtu anayeogopa kwamba kila akikutana na mtumishi wa serikali atadaiwa makuta hamleti mbwa wake. Mtu ambaye mbwa wake ameuma jirani, akijua kwamba kumpeleka aangaliwe siku 10 kutamgharimu fedha asizo nazo, atamficha, atamuua kimya au atamuuza. Daktari hatajua kama mbwa huyo alikuwa mgonjwa. Bei kubwa iliyowekwa kwa jina la usalama inazaa hatari iliyokusudiwa kuzuiwa.

Kinyume chake kinawezekana kwa makuta yale yale. Malipo ya kumtoa mbwa yangeingiza ndani yake bei ya chanjo. Mwenye mbwa angeondoka na mnyama aliyechanjwa, karatasi ya chanjo na risiti. Anayeleta karatasi ya chanjo ambayo bado inafaa angelipa kidogo. Anayekamatiwa mbwa huyo huyo mara ya tatu angelipa zaidi. Bei ya namna hiyo watu wangeielewa, kwa sababu wangeona kitu walichonunua.

"Komini haina pesa"

Jibu la kawaida la ofisi ni kwamba komini haina pesa, na bila makusanyo haya madogo milango itafungwa. Malalamiko hayo yana ukweli. Kifungu cha 175 cha Katiba kimewapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Sheria n° 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 nayo imezipa miji, komini, sekta na chefferie asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Kama fungu hilo lingefika kikamilifu na kwa wakati, hakuna mkuu wa komini, yule ambaye wote wanamwita bourgmestre, angehitaji kutazama zizi la wanyama kama chanzo cha mapato.

Lakini mgogoro huo uko kati ya komini, jimbo na Kinshasa. Raia hawezi kulipa pengo lake kwa njia ya mbwa. Tena, makusanyo yasiyo na risiti hayaisaidii komini. Franka inayopokelewa kwa mkono haijengi zizi, hainunui chanjo na haionekani katika bajeti. Komini inayolia kwamba haina pesa huku ikivumilia malipo bila karatasi inajiibia yenyewe.

La kufanya leo

Kwa mwenye mbwa, hatua ni chache. Aende mapema, na aende na mtu wa kushuhudia. Achukue alama za kumtambulisha mnyama: picha katika simu, karatasi ya chanjo kama ipo, au jirani anayemjua. Aombe kuonyeshwa andiko lililoweka bei, na aombe malipo yagawanywe. Kama inambidi alipe ili mnyama asiteseke, alipe lakini adai risiti, na aandike juu ya barua yake kwamba amelipa huku akipinga. Barua hiyo iende kwa mkuu wa komini, na nakala kwa meya. Nakala moja abaki nayo, ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Asimtukane mtumishi, na asichukue mnyama kwa nguvu, maana kosa lake litafunika haki yake.

Akinyimwa jibu, Katiba haijamwacha. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka pétition kwa kiongozi wa serikali, peke yake au pamoja na wengine, na kiongozi anatakiwa kujibu katika miezi mitatu. Barua moja ya familia moja inaweza kusahauliwa katika kabati. Barua ya kartie nzima, yenye majina na saini, ni vigumu zaidi kuisahau. Mashirika ya raia ya Tshopo yana uzoefu wa kuandika barua za namna hiyo kwa mambo makubwa. Hili nalo lastahili kalamu yao.

Kwa viongozi, kazi si ngumu. Bei zote za zizi ziandikwe kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, zibandikwe mlangoni pa kila ofisi ya komini na zisomwe redioni. Chini ya kila bei itajwe sheria iliyoiweka. Komini sita ziwe na daftari moja linalosomeka katika makao ya meya, ili mtu wa Lubunga asizunguke ofisi sita kwa mtumbwi na toleka. Siku za kulipia zianze baada ya tangazo. Mnyama asiuzwe wala asiuawe kabla ya muda uliotangazwa kuisha, ila kama daktari wa wanyama ameandika kwamba ni mgonjwa wa hatari. Kumzuia mnyama kwa usalama wa watu ni jambo moja. Kumnyang'anya mtu mali yake ni jambo jingine, na kifungu cha 34 cha Katiba, kinacholinda mali ya mtu binafsi, kimeliweka jambo hilo mikononi mwa mahakimu.

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, wapiga kura wa miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani wa komini. Waliochaguliwa waliomba kura wakisema watakuwa karibu na raia. Hakuna kazi iliyo karibu zaidi ya hii. Diwani ana uwezo wa kumuuliza mkuu wa komini: mwaka huu wanyama wangapi walikamatwa, wangapi walirudishwa, wangapi walikufa, franka ngapi ziliingia, na ziko wapi? Maswali hayo hayahitaji mtaalamu kutoka Kinshasa. Yanahitaji daftari na mtu asiyeogopa kulifungua.

Mwenye mbwa naye ana deni lake. Afunge mlango wa parcelle, amchanje mnyama, asimwache azurure kisha aje kulia. Akikosea, alipe. Lakini alipe kile ambacho sheria imesema, kwa aliyepewa kazi ya kupokea, na aondoke na risiti mfukoni pamoja na mbwa wake. Mpaka komini iweze kumpa karatasi hiyo, kukataa kwake kulipa bila kuuliza ni haki, na ofisi inayoombwa maelezo inapaswa kujibu bila hasira.